Bustani za kando ya bahari Mombasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila wikendi ndefu watu wa bara wakishuka na treni, na kila mara kaunti ikitangaza mradi mwengine, maswali ni yale yale. Nimechoka kuandika jibu moja kila siku kwa hiyo nimeyaweka yote hapa. Mimi si mtu wa kaunti wala si injinia, ni mkaazi wa kisiwani ambaye jioni zake nyingi huishia Kizingo, na misimamo yangu utaiona, sitaificha.

Mkisema ufuo wa mji mnamaanisha wapi hasa? Si ni Mama Ngina tu?

Mama Ngina ndiyo inayojulikana lakini si peke yake. Kizunguke kisiwa kichwani mwako: kusini mashariki ndiyo Kizingo na Mama Ngina Drive, inatazama mlango wa meli za Kilindini na Likoni iko ng'ambo. Ukizunguka kwenda juu unakuta Fort Jesus, Mji wa Kale na bandari ya majahazi, halafu daraja la Nyali, halafu Tudor na ule mkono wa bahari wenye mikoko, halafu Makupa na Kibarani, na upande wote wa magharibi uliobaki ni bandari, huko bila pasi huingii. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 kaunti nzima, bahari iko kila upande, lakini pahala ambapo mtu wa Majengo au Bondeni anaweza kukaa na watoto wake akatazama maji bila kuulizwa "utakunywa nini?" ni pachache mno. Hilo ndilo tatizo lenyewe, taili na mageti ni mambo ya baadaye.

Mama Ngina mpya ilijengwa lini, na kwa pesa ngapi?

Ilikuwa kazi ya Wizara ya Utalii ya serikali kuu, enzi za waziri Najib Balala, bei iliyotangazwa ni shilingi milioni 460, na ikafunguliwa Oktoba 2019 na Rais Uhuru Kenyatta, sherehe za Mashujaa za tarehe 20 zikafanyiwa pale pale. Ukubwa wake ni kama ekari 26. Wakaweka njia za kutembea, viti, mageti yenye matao ya Kiswahili, taa, maegesho ya magari, vibanda, na ule ukumbi wa wazi wa ngazi ngazi. Kabla ya hapo kulikuwa na kelele nyingi sana, ardhi ile ni ya nani, nani aliulizwa, wauzaji wataenda wapi. Kelele nyingine zilikuwa za siasa ya kaunti na Nairobi, nyingine zilikuwa za haki kabisa.

Kabla ya hizo taili palikuwa na nini?

Palikuwa na watu! Hili huwa linanikera, mtu anaandika kama vile palikuwa pori. Laithausi, ndivyo tunavyopaita pale Mama Ngina, imekuwa baraza la mji huu tangu babu zetu, barabara ikiitwa Azania Drive wakati wa mkoloni, na jioni magari yalikuwa yanapangana yanatazama bahari, watoto wanakula muhogo kwenye boneti, wazee wanapiga soga, ukipita mtu unayemjua lazima usimame usalimie mpaka jua lizame.

Na nyuma zaidi ya hapo, upande huo wa kisiwa ndipo ulipokuwa mji wa Tuaca, mji wa watu wa Kilindini, umetajwa mpaka kwenye maandishi ya Wareno. Ndiyo maana kuna makaburi ya kale na ile mibuyu mikubwa, na ndiyo maana Makumbusho ya Taifa yana sauti katika eneo lile, huwezi kuamka tu ukaleta tingatinga. Ile mibuyu mengine ni ya mamia ya miaka. Kontrakta anayemwaga simiti mpaka kwenye shina la mbuyu anaua mti ambao hakuna bajeti ya kuununua tena, mbuyu haufi siku hiyo, unakufa polepole wakati yeye ashalipwa na ashakwenda.

Mbona kuna taili nyingi kuliko kivuli?

Swali zuri kuliko yote, na jibu langu ni kwamba bustani nyingi huku zinachorwa zionekane vizuri kwenye picha iliyopigwa kutoka juu, na kutoka juu kivuli hakionekani. Taili unaikata utepe siku ya ufunguzi. Mti unataka miaka, unataka maji, unataka mtu wa kuufukuzia mbuzi, na mwanasiasa ana miaka mitano tu.

Lakini hili ndilo jambo linaloamua kama pahala patakaliwa au hapatakaliwa. Nenda Mama Ngina saa nane mchana mwezi wa pili, kaskazi ikiwa imelala na jua liko utosini, utaona watu wote wamejibana chini ya miti michache na viti vizuri vya simiti viko vitupu vinachemka. Mbuyu nao ni mti wa heshima lakini kivuli chake usikitegemee, kiangazi unapukutisha majani wote. Unaotaka ni mkungu, ule wa majani mapana unaotanda kama mwavuli, haujali chumvi. Mwembe ukipandwa nyuma kidogo, mwarobaini, na mvinje kwa upande wa upepo. Mnazi ni mzuri kwa kadi ya posta, ila kama hakuna mtu wa kupanda kuangua basi usiuweke juu ya kiti cha watoto, nazi haichagui kichwa.

Na msiniambie udongo wa Mombasa ni mawe hauoti kitu. Haller Park pale Bamburi ilikuwa machimbo ya simiti, jiwe tupu la matumbawe na maji ya chumvi chini yake. René Haller akaanza 1971 na mivinje, akaleta na majongoo ya kusaga yale majani makavu yawe udongo, leo kuna msitu na twiga ndani yake. Kama pale paliwezekana, Kizingo haishindikani.

Wauza madafu na mihogo wapo, au waliondolewa?

Wapo, na siku wakiondolewa wote mimi nami sina tena cha kwenda kufanya huko. Wakati wa ujenzi walihamishwa na kurudi kwao kukawa na mzozo, nani alipata kibanda na nani alikosa, wengine waliouza pale miaka na miaka wakasema majina yao hayaonekani kwenye orodha huku majina mageni yanaonekana. Hii hutokea karibu kila mradi wa namna hii, si Mombasa peke yake, kwa hiyo kama mradi mwengine unakuja mtaani kwenu dai kitu kimoja mapema: wauzaji wahesabiwe KABLA ya mabati ya kuzungushia kuwekwa, kwa jina na kwa picha na kwa bidhaa, na orodha ibandikwe hadharani kila mtu aione. Baada ya mabati kuwekwa hakuna ushahidi tena, ni neno lako na neno la mtu mwenye faili.

Halafu wachoraji wa ramani wawaulize wauzaji wanafanya kazi vipi. Mama wa viazi karai na bhajia anataka maji ya bomba karibu na pahala pa kumwaga mafuta machafu, kwa sababu asipopewa atayamwaga kwenye mizizi ya mti, si kwamba ana roho mbaya, atayapeleka wapi? Mtu wa madafu, tatizo lake ni makumbi, jioni moja ya Jumapili anajaza mkokoteni mzima na lori la taka linakuja siku linayotaka. Wa mihogo ya kuchoma ana jiko la mkaa, anataka asikae upande ambao kusi ikivuma moshi wote unaingia kwa watu. Muuza kahawa na dele lake yeye hataki kibanda hata kidogo, anatembea, ukimfungia kibandani umemuua. Wa kachri, mabuyu na ukwaju wanataka meza tu na taa. Sasa mtu amejenga vibanda vyote saizi moja, mlango mmoja, rangi moja, halafu anashangaa nusu vimefungwa na wauzaji wako nje kwenye lami.

Watu wa Unguja walituonyesha hili pale Forodhani. Bustani ikatengenezwa upya na taasisi ya Aga Khan inayoshughulika na utamaduni, ikafunguliwa tena 2009, ukuta wa bahari ukarekebishwa, taa, nyasi, miti ikaachwa, na wale wa mishikaki na juisi ya miwa wakawa ndiyo moyo wa pahala, ikifika magharibi kunawaka. Watalii wanakuja kwa sababu wenyeji wako pale. Ukitoa wenyeji ukaacha watalii unapata geti lenye askari na bustani tupu.

Choo je?

Choo ndicho mtihani. Usiniulize mradi umefaulu au la, nenda kaangalie choo miezi sita baada ya ufunguzi, kina maji? kina taa? kina mtu anayelipwa kukisafisha au ni "mtu wa kujitolea" anayekutoza chochote? Mama mwenye watoto watatu hakai bustanini zaidi ya saa moja kama hakuna choo, na mzee wa kisukari haji kabisa. Pia pawe na pahala pa kutawadha, maghrib inakuingilia pale pale.

Ardhi ya ufuo ni ya nani? Mtu anaweza kuweka ukuta mpaka majini?

Hapa kaa vizuri. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Yote. Kwa hiyo pale maji yanapofika yakijaa na pale yanaporudi yakipwa, hapo hapana mwenyewe, hata kama juu yake kuna hoteli ya nyota tano au jumba la mheshimiwa. Askari wa hoteli akikwambia "huku ni praivet" na wewe umesimama kwenye mchanga uliolowa, mwambie kwa upole arudi kusoma.

Juu ya alama ya maji kujaa ndipo mambo yanapochafuka. Kanuni za upimaji ardhi za 1994 zinasema serikali ikipima ardhi yake ya ufuoni ili kuigawa, kwa kawaida iachwe akiba isiyopungua mita 60 kutoka maji kujaa. Lakini Pwani ardhi nyingi ilishapata hati zamani mno, ile sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwapa watu wa ukanda huu umiliki wa moja kwa moja wakati huko bara hakuna kitu kama hicho, kwa hiyo kuna ploti zinateremka karibu na maji na hati zake ni halali, na kuna nyingine zilizogawiwa kisiasa baadaye ambazo uhalali wake ni mjadala mwengine. Usichukulie kila ukuta ni wizi. Wala usichukulie kila hati ni safi, nenda msajili wa ardhi ufanye sachi.

Kitu kinachotuumiza zaidi kuliko hata kuta ni vichochoro. Bichi inaweza kuwa ya umma na bado usiifikie, kwa sababu njia za kuteremkia zilizokuwa kwenye ramani zimefungwa moja baada ya nyingine, leo geti, kesho kibanda cha askari, kesho kutwa maua. Kutoka Nyali kwenda Shanzu hesabu mwenyewe njia ambazo mtu wa matatu anaweza kuteremka bila kupita ndani ya hoteli. Ndiyo maana Kenyatta Beach, pale Pirates, sikukuu hapakanyagiki. Mji ukitaka bustani nzuri ya bei nafuu ungeanza kwa kufungua njia hizo, hakuna tenda kubwa hapo, na labda ndiyo sababu haianzwi.

Mbona kila mahali wanajenga ukuta wa bahari? Hauharibu ufuo?

Inategemea pahala. Fort Jesus imejengwa 1593 mpaka 1596 juu ya jiwe la matumbawe, na jiwe hilo maji yalikuwa yanalila kwa chini miaka yote hiyo, ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2011, huwezi kukaa ukatazama inaporomoka. Ule ukuta uliojengwa mbele yake mimi naukubali ingawa wavuvi na wapiga mbizi wa pale wana manung'uniko yao.

Lakini ukuta si dawa ya kila kidonda. Bahari yetu inapanda na kushuka sana, wakati wa bamvua, yaani mwezi mpya na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3, kusi ikikaza wimbi linakuja na nguvu zake zote. Ukilizuia na ukuta wa wima nguvu hiyo haipotei, inachimba mchanga chini ya ukuta na kumhamishia jirani balaa. Kwenye mwamba kama Kizingo ukuta unakaa. Kwenye mchanga kama Bamburi kila mtu akijenga wake bichi inakwisha. Na upande wa Tudor, Mikindani na Jomvu hutaki ukuta kabisa, unataka mikoko, inashika tope, inavunja wimbi, na samaki wanazalia humo, juu yake unaweka daraja la mbao la kutembelea, watu walipe kidogo, kikundi cha mtaa kipate hela. Gazi kule Kwale wana lao na wana Mikoko Pamoja, kijiji kinalipwa kwa kaboni ambayo mikoko yao inaihifadhi, pesa inaingia maji na shule. Sisi wa mjini tunaikata tupate kuni.

Naweza kuogelea pale Mama Ngina?

Usithubutu, kama si kijana wa pale anayejua kila jiwe. Ule ni mlango wa meli, kina kirefu, mkondo wa maji ni mkali na mwamba unakata kama wembe. Meli za makontena zinapita karibu mpaka unasoma jina lake ubavuni, ni raha kutazama, lakini kutazama tu. Kuogelea nenda Kenyatta Beach, Nyali, au vuka uende Shelly kwa wenzetu wa Likoni.

Maji taka yanaenda wapi?

Mnataka niharibu hamu ya kula. Sehemu kubwa ya Mombasa haina mabomba ya maji taka, watu wanategemea septiki na mashimo, na mvua kubwa ikinyesha mifereji inashusha kila kitu baharini. Unaweza kujenga bustani ya bilioni lakini kama mtaro wa maji meusi unatokea chini ya kiti cha wapenzi, kazi bure. Kwa hiyo kwenye mkutano wowote wa mradi wa ufuo uliza hilo la mitaro kabla ya kuuliza la taa.

Na Kibarani? Si palikuwa jaa?

Palikuwa jaa, na lilikuwa aibu, mgeni anaingia kisiwani kitu cha kwanza kumkaribisha ni moshi na ndege korongo. Jaa likafungwa, taka zikapelekwa Mwakirunge, pakawekwa udongo na miti na nyasi. Nalipa hili sifa zake. Halafu Makupa, ile njia ya zamani ya kujaza mawe ilikuwa imeziba maji kati ya Tudor na Port Reitz, 2022 likafunguliwa daraja jipya maji yakapata tena kupita chini. Hakuna aliyepiga picha za harusi hapo lakini kwa bahari yenyewe mimi naona ni kazi kubwa kuliko Mama Ngina yote.

Wasiwasi wangu ni ule wa jaa lenyewe, taka za miaka na miaka zilizozikwa pembeni mwa maji haziishi kwa kufunikwa nyasi, zinavuja. Pia kuna waliokuwa wakiishi kwa kuokota chupa na vyuma pale, wao hakuna aliyewawekea kibanda.

Mji wa Kale nao utengenezwe hivyo hivyo?

Hapana, tafadhali. Mji wa Kale ufuo wake ni wa kazi: wavuvi wanapandisha samaki, mashua zinatengenezwa, watoto wanaruka majini, vikundi vya wavuvi vya kusimamia ufuo (BMU) ndivyo vinavyosimamia bandari zao ndogo. Ukileta mageti na taili huko umewafukuza wavuvi kwa adabu. Kinachotakiwa ni kidogo kidogo: ngazi zilizovunjika zitengenezwe, taa vichochoroni, soko la samaki lenye barafu na maji, nyumba zinazoanguka mbele ya maji zishikwe kabla ya kuwa ploti ya ghorofa. Ikiwa mgeni anataka kuja aje atukute tulivyo.

Mwisho wa yote nani mwenye kazi, kaunti au serikali kuu?

Wote, ndiyo maana hakuna. Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti bustani za kaunti, fuo na pahala pa burudani. Lakini bandari na mlango wake ni KPA, mambo ya kale ni Makumbusho, hifadhi ya bahari ya Mombasa iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori, tangu 1986, mazingira ni NEMA, ardhi ya umma ni Tume ya Ardhi, na pesa za Mama Ngina zilitoka utalii. Kila mmoja yuko siku ya kukata utepe. Taa ikiungua kila mmoja anakuonyesha ofisi ya mwenzake. Kwa hiyo swali la kuuliza kabla jiwe la msingi halijawekwa ni hili: hiyo bajeti ya matunzo iko kwenye kitabu cha nani, na mwaka wa tatu itakuwa kiasi gani?

Kutoza kiingilio ni sawa?

Kwa mawazo yangu si sawa, hata shilingi 50. Familia ya watu saba ni 350, hiyo ni unga. Toza magari, toza kampuni zinazofanya tamasha, toza harusi zinazofunga nusu ya bustani, toza vibanda kodi ya haki. Mtu na miguu yake mwache apite.

Sauti yangu mimi mwananchi itasikika wapi? Hizi baraza za maoni si maigizo tu?

Nyingi ni maigizo, tuseme kweli, mnaitwa saa tatu asubuhi siku ya kazi, mnapewa soda na nauli, mnatia sahihi ya mahudhurio ambayo baadaye inaitwa "wananchi walikubali". Soma karatasi kabla hujatia sahihi. Lakini sheria ina meno kama utaifuata na tarehe zake.

Kila mwaka kaunti lazima iwasilishe mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata kabla ya Septemba 1, na makadirio ya bajeti yafike bunge la kaunti kabla ya Aprili 30, hapo katikati ndipo maoni yanapokusanywa. Ukingoja mpaka uone tingatinga umechelewa, mradi ulishapita kwenye karatasi zamani. Mradi mkubwa wa ufuo lazima ufanyiwe tathmini ya mazingira na NEMA itatangaza gazetini, tangazo linataja muda wa kutuma maoni, tuma kwa maandishi na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Leseni ikitoka na hukuridhika, kuna baraza la rufaa za mazingira (National Environment Tribunal), siku za kukata rufaa ni 60. Na kama unataka kuona mkataba au ramani, sheria ya kupata habari ya 2016 inakupa haki ya kuandika barua uombe, nao wana siku 21 za kukujibu. Barua, si simu. Simu haina muhuri.

Wenzetu wa Chicago, Marekani, wao wana ziwa, si bahari, lakini kisa chao nakipenda. 1836 makamishna waliokuwa wakiuza ploti za mji waliandika kwenye ramani kwamba kile kipande cha ufuo kibaki wazi milele bila jengo. Maandishi yakasahaulika, majengo na taka zikaanza kuja, ndipo mfanyabiashara mmoja, Montgomery Ward, akaanza kushtaki 1890 na akaendelea kushtaki kama miaka 20, matajiri wenzake wakamchukia. Leo pale kuna Grant Park na watu wanatembea bure. Kama yale maneno yasingekuwa kwenye ramani, angekwenda mahakamani na nini?

Usalama usiku ukoje?

Penye watu, taa na wauzaji pana amani, nenda na familia bila wasiwasi. Ile sehemu ya mbali isiyo na taa ondoka mapema, na simu usiishike mkononi kama bango. Mimi siamini usalama unaletwa na askari wa kanjo wengi, wao wakiwa wengi kazi yao inageuka kufukuza watoto wa mitaani na kuchukua mali ya wachuuzi. Mama wa mahamri aliyekaa pale pale kila siku anamjua kila mtu anayepita.

Mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kufika?

Mama Ngina njia nyingi ni tambarare, anafika. Kasheshe ni kufika kwenyewe, matatu haimchukui na kando ya barabara kumeegeshwa pikipiki.

Saa nzuri ya kwenda ni ngapi?

Kuanzia saa kumi jioni jua likishapoa, au asubuhi sana baada ya alfajiri ukitaka kukimbia, wakati huo ni wazee wa mazoezi na kunguru tu. Jumapili jioni na siku za Idd gari liache nyumbani, utakaa kwenye foleni mpaka muhogo uishe, chukua tuktuk au shukia feri utembee, si mbali. Beba pesa ndogo ndogo ingawa M-Pesa inakubalika karibu kila meza, beba na mfuko wa taka zako. Na dafu uliza bei kabla halijakatwa, hasa kama umevaa kofia ya mtalii.